Kabati la Mchana

Ka!

Sauti ilitoka ndani ya kichwa chake, kavu, kama kijiti kilichokanyagwa. Mama Ufagio akaacha kutafuna. Mkate wenyewe ulikuwa laini, ameuchovya kwenye chai. Akapitisha ulimi juu ya gego la kulia, gego pekee alilobaki nalo. Vipande viwili, kila kimoja kikicheza kivyake.

Kesho yake asubuhi aliketi kwenye kiti cha kliniki ya meno, kliniki ileile anayoipiga deki kila siku.

"Ulitafuna nini wewe?" daktari aliuliza.

"Mkate."

"Mkate! Sema mfupa. Limepasuka mpaka kwenye mzizi. La kung'oa hili."

"Ulisema ukimaliza kusafisha mizizi, litapona."

"Na nikasema usilitumie. Jino lililotobolewa ni ganda la yai."

"Nitumie lipi, daktari? Hili ndilo nililo nalo. Ukaliziba kwa pamba na dawa laini, ikabanduka siku ileile. Wagonjwa wa mchana mnawazibia ile ngumu, mnawafunga na pete ya chuma. Nawaona."

Nesi akacheka. "Makubwa! Mfagizi kawa daktari."

"Asubuhi hatuna," daktari alisema, akachukua koleo.

Hawana! Kabati liko nyuma ya kiti, na vumbi lake analifuta yeye. Funguo zinaning'inia kiunoni mwa daktari mpaka adhuhuri, zamu ya wanaolipa inapoanza. Chumba kilekile. Mikono ileile.

Gego lilitoka kwa vipande, vikaanguka kwenye beseni: ti, ti. Nesi akamsukumia pamba mdomoni.

"Uma, shangazi. Haya, simama, adhuhuri imefika, kiti kina damu na mgeni wa mchana yuko mlangoni."

Aliifuta damu yake mwenyewe. Akatandika kitambaa cheupe ambacho asubuhi hakitandikwi. Mgeni akaingia na manukato yake, akajinyoosha kitini. Funguo zikalia, kabati likafunguka.

"Nasikia jino likitobolewa huvunjika kabla ya kumalizwa," mgeni alisema. "Nami karanga siziachi."

Mama Ufagio alisimama na ndoo yake. Alitaka kusema. Pamba ilikuwa imejaa damu.

"La kwako halivunjiki, mzee," daktari alisema, akichagua pete. "Tunalifunga, tunalizibia ile ngumu. Tafuna karanga zako. Nakuahidi."