Boti Iliyolia Pu

Mzee Gichuru alipomuuliza Wanyama kwao ni wapi, Wanyama alijibu, "Western, mzee," naye mzee akafurahi: "Aa, kule ziwani!" Hapo ndipo ungemsahihisha mtu. Lakini ukiwa umeketi kwa mara ya kwanza sebuleni kwa baba wa msichana unayetaka kumwoa, humsahihishi mtu. Wanyama alisema, "Ndiyo, mzee." Kwao ni Bungoma, katikati ya miwa. Ziwa aliliona mara moja tu, akiwa darasa la sita, kupitia dirisha la basi la shule, tena wakati huo alikuwa anatapika.

Sasa uongo huo mdogo ulikuwa umezaa boti. Gichuru aliuza na kununua ng'ombe hadi magoti yakamkatalia, na alikuwa na sifa moja katika minada yote kuanzia Bissil hadi Kiserian: neno alilolisema mbele ya shahidi hakulirudisha. Uzeeni alichimba bwawa shambani kwake Isinya, akaingiwa na wazo kwamba watu wa Nairobi watakuja Jumapili wavutwe na boti, wakiteleza juu ya maji kama alivyoona kwenye televisheni. Na Hiram, mwenye duka la mabati pale Kitengela, alikuwa na boti kuukuu ya kazi hiyo hiyo, aliyoinunua mnadani Naivasha akaiegesha uani.

"Wewe mtu wa ziwa," Gichuru akamwambia Wanyama, "kuja uniangalilie hiyo kitu. Ukiniangalilia vizuri, tutaongea ile maneno yenu na Nyawira."

Maneno hayo yalikuwa siku ya kupeleka mahari ya binti huyo. Wanyama alikuwa ameingoja miezi saba.

"Si umwambie tu ukweli," Nyawira alimsihi. "Hata kuogelea hujui!"

"Nitamwambia tukishaoana."

Jioni hiyo alifungua video kwenye simu. Mzee mmoja mwenye kofia alieleza kwamba sakafu ya boti kuukuu hugongwa kwa sarafu kila mahali, huku ukisikiliza. Pengine palilia ti, pengine palilia pu. "Sasa, ukisikia hii ya pili," mzee akainua kidole, na bando likaisha.

Jumamosi asubuhi, uani kwake, Hiram alivuta turubai kwa madaha mbele ya Gichuru, Nyawira na Wanyama. "Hii ilikuwa ya daktari, tena mwanamke. Alikuwa anaendesha Christmas tu."

Gichuru aliizunguka boti juu ya trela yake kwa njia aliyoijua. Akaipapasa mbavu, akainama kuangalia mkia, akarudi mbele akaitazama usoni kwa muda mrefu. "Mbona unaiuza?"

"Nataka space ya kuweka mabati."

"Hm," akasema Gichuru, kwa maana hajawahi kuona mnyama mzuri akiuzwa bila kilema kilichofichwa. Kisha akamgeukia Wanyama. "Haya, mtu wa ziwa. Panda."

Wanyama akapanda. Zulia la sakafuni lilikuwa bichi na lilinuka uyoga. Akalikunja pembeni, akatoa shilingi kumi, akapiga magoti, akaanza kugonga. Ti. Ti. Ti. Alipofika katikati: pu. Akarudia. Pu. Wote watatu walikuwa wanamtazama, Nyawira akiwa ameuma kucha.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Wanyama ilikuwa imebakiza futi sita. Akawaza haraka. Ni kitu gani kingine hugongwa na kusikilizwa? Tikiti maji! Na tikiti lililoiva, kila mtu anajua, hulia pu.

"Hapa," akatangaza kwa sauti ya mtu aliyezaliwa majini, "hapa ndipo penye nguvu yote."

Hiram, aliyekuwa ameanza kutoka jasho, alimtazama kwa mapenzi. "Si umeona, mzee? Mtu anayejua!"

"Basi simama hapo hapo," akasema Gichuru, ambaye hakuwahi kununua ng'ombe bila kumwona akitembea. "Ruka kidogo."

Wanyama akaruka kidogo. Mbao zilizooza zilimpokea bila ubishi, na mguu wake wa kulia ukazama hadi pajani. Kabla hajapata pumzi, kitu huko chini kikamdonoa.

"Mayo!" akamlilia mama yake kwa lugha ya kwao.

"Ni kuku yangu," Hiram akanong'ona. "Nimemtafuta wiki mbili. Kumbe alijipenyeza humo kutaga."

Wanyama alikuwa amekwama, anadonolewa, na aibu imemjaa hadi masikioni. Uongo ukamtoka wote mara moja. "Mzee, nisamehe. Mimi si mtu wa ziwa. Kwetu ni Bungoma. Tunalima miwa."

Nyawira akafunika macho. Wanyama alijua amempoteza, na roho ilimuuma kuliko mguu.

Gichuru akamgeukia Hiram polepole. "Umesikia? Huyu ni mtu wa miwa. Kama mtu wa miwa amepata shimo kwa dakika kumi, mtu wa ziwa angepata mashimo ngapi? Punguza."

"Mzee, hiyo ni kitu kidogo..."

"Kidogo? Angalia mguu ya mkwe wangu!"

Wanyama akaanza kujivuta atoke.

"Kijana, usitoe kwanza," Gichuru akasema bila kugeuka.

Kwa hiyo mguu ukabaki pale pale, ukionyeshwa kila bei ilipotajwa. Kuku alidonoa. Wanyama akauma meno na kuvumilia, hadi Hiram aliponyoosha mkono kwa nusu ya bei, trela ikiwemo, na Gichuru akaushika.

"Dadi," Nyawira akasema, "umemwita nani?"

"Nani?"

"Umesema mkwe wangu. Hiram amesikia."

Gichuru akamtazama Hiram. Hiram, aliyekuwa amepoteza kila kitu asubuhi hiyo, akaitikia kwa kichwa kwa raha kubwa. "Nimesikia, mzee. Wazi kabisa."

Mzee akavuta pumzi, akakuna shavu, akaiangalia boti yake, na yule mtu wa miwa aliyeota katikati yake.

"Haya, mkwe, toa mguu," akasema. "Lakini pole pole. Usikanyage mayai. Hizo ziko ndani ya bei."