Kadi za Shemeji Sáu

Lài hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alipoona vidoa vya zambarau vimetapakaa kwenye vioo vya kompyuta za safu nzima ya dirishani, na wanafunzi wakivua vifaa vya masikio huku wakisonya, hakuuliza mtu. Alichukua simu akampigia mama mkwe wake.

"Mama, mwanao Sáu ameniuzia mizoga."

Kisha akampigia wifi yake Bảy, akamwambia hayo hayo kwa urefu zaidi. Bảy ukimwambia jambo asubuhi, kufikia mchana watu wa ng'ambo ya mto wanakusimulia wewe.

Sáu alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Lài. Enzi zile watu walipokuwa wakichimba sarafu za mtandaoni, alijaza chumba kizima kadi za picha, zile zinazoipa kompyuta nguvu ya kuchora kwenye kioo, zikinguruma chini ya bati bila kupumzika, mpaka biashara ikafa na mkewe akachoka. Akabaki na kadi na aibu. Hakuna aliyezitaka. Kadi iliyochimbishwa watu huiona kama nyati aliyelimishwa mpaka mbavu zikahesabika. Aliyezichukua ni Lài, kwa ajili ya duka lake la michezo ya kompyuta karibu na chuo, hapo mjini Cần Thơ. Ukoo mzima ulimcheka, naye akamtetea Sáu mbele yao wote. Ndiyo maana vidoa vile vilimchoma. Alijiona ametetea mwongo.

Sáu alituma ujumbe tu kwa Trâm, binti wa Lài: Jumapili, kwenye karamu ya kumkumbuka kaka yake, hatakuja. Atachoma ubani kwake.

"Mama," Trâm alisema, simu mkononi, "umemfukuza baba mdogo kwenye siku ya baba."

"Sijamfukuza. Nimesema kadi zake mbovu. Ni mbovu au si mbovu?"

"Zinaonekana mbovu."

"Basi."

Lakini tangu hapo, kila alipopita mbele ya picha ya mumewe juu ya kabati, Lài alitazama pembeni.

Mashine zote zilikuwa mikononi mwa Trâm. Yeye ndiye aliyezikimbiza kumbukumbu za kadi zile kupita kipimo cha kiwandani, akiipandisha namba ya kasi taratibu mpaka akapata mwendo anaoutaka, kisha akaihifadhi kwenye seva, ile kompyuta kuu ya duka. Msimu mzima wa mvua mashine zilikwenda vizuri kabisa. Halafu mchezo wanaoupenda wanafunzi ukatoa toleo jipya, nalo likadai kiendeshi kipya, yaani ile programu inayoifundisha kompyuta namna ya kuitumia kadi. Trâm akakiweka. Siku ile ile, vidoa.

"Hata mimi nilidhani ni kiendeshi," alimweleza mama yake. "Nikarudisha cha zamani kwenye mashine mbili. Vidoa vile vile. Kwa hiyo siyo kiendeshi. Kadi zenyewe zimechoka."

Asubuhi iliyofuata, wanafunzi wakiwa darasani, Sáu alisimamisha pikipiki mlangoni. Nyuma alikuwa amefunga kompyuta yake kuukuu kwa mpira. Alikuwa amekonda. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Shemeji. Nimekuja kuzichukua."

"Kunywa kahawa kwanza."

"Nimeshakunywa."

Hakuwa amekunywa, Lài aliliona hilo usoni mwake, lakini hakumshurutisha. Duka lilikuwa tupu isipokuwa mzee Thìn, mstaafu wa posta, ambaye kila asubuhi alicheza sataranji ya Kichina na watu asiowajua, akiwatukana kwa sauti.

Sáu alitandaza gazeti chini, akatoa bisibisi, akafungua mashine ya kwanza. "Nitazijaribu moja moja kwenye kompyuta yangu kabla sijazifunga," alisema bila kumtazama. "Nataka nijue nilichokuuzia."

Akaijaribu ya kwanza kwa namba ile ile ya Trâm. Kioo kikabaki safi. Ya pili, safi. Ya tatu akaiacha ikimbie mpaka feni zikapiga kelele. Safi. Akairudisha kwenye mashine ya duka, na papo hapo vidoa vya zambarau vikamwagika kioo kizima.

Alijifuta jasho. "Shemeji, kwangu ni nzima."

"Unataka kuniambia duka langu lina pepo?"

"Sijasema hivyo."

"Wewe unatumia kiendeshi gani, baba mdogo?" Trâm aliuliza.

"Cha zamani. Kompyuta yenyewe nayo ya zamani."

"Cha zamani nimekijaribu hapa! Nimekijaribu mwenyewe!" Sauti ya Trâm ilianza kupanda, kama ya mtu anayetaka kulia.

Lài alikunja mikono kifuani. Kadi zile zile, namba ile ile, kwa Sáu zinakwenda, kwake zinakufa. Kwa mara ya kwanza tangu apige zile simu, alijitilia shaka. Kama kadi ni nzima, basi yeye amefanya nini?

"Nyie wanawake," mzee Thìn aliita kutoka kwenye kona yake, "picha ya mjukuu wangu iko wapi? Jana niliiweka hapa mbele, niyape macho yangu raha. Leo naona maua."

"Mzee, mara ngapi nikuambie?" Lài alimjibu bila hata kugeuka, kama alivyowajibu watu wote kila siku. "Mashine za hapa hazina kichwa chao. Ukizima, zimesahau. Ukiwasha, zinaamka na kile seva inachozipa."

Akamgeukia binti yake ghafla.

"Trâm. Hicho kiendeshi cha zamani ulikiweka wapi?"

"Kwenye mashine ya pili na ya tano."

"Kwenye mashine. Siyo kwenye seva."

"Ndiyo, nilitaka kujaribu tu, nisivuruge zote."

"Na baada ya kukiweka, uliwasha upya?"

"Lazima, mama, chenyewe kinadai uwashe..." Trâm alishika mdomo kwa viganja viwili.

Sáu alikaa kitako sakafuni. Halafu, taratibu, mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mashine ikasahau," alisema. "Ikaamka na kile kipya. Ulijaribu kipya mara mbili, mwanangu."

"Mama, nisamehe."

"Tutasameheana baadaye," Lài alisema. "Weka cha zamani kwenye seva. Sasa hivi."

Trâm aliweka, akawasha mashine upya. Vioo vyote vikatakata. Lakini mchezo ukagoma kufunguka. Wanafunzi wangekuja mchana kutaka mchezo huo na si mwingine, kwa hiyo ilibidi kipya kirudi, na safari hii Sáu akavuta kiti akakaa karibu na Trâm, vichwa vyao vikigusana mbele ya kioo. Waliacha kuitazama namba waliyoiandika, wakatazama mwendo wenyewe ambao kadi ilikuwa ikienda.

"Ona hii," Sáu alisema. "Cha zamani ukikiambia ongeza elfu, kinaongeza mia tano. Kinahesabu kila hatua mara mbili. Hiki kipya ukikiambia elfu, kinakupa elfu nzima. Maskini kadi, inakimbizwa kama mwizi."

"Kwa hiyo tuigawe kwa mbili."

"Igawe."

Wakaigawa. Kioo safi. Trâm, kwa tamaa ya ujana, akaongeza kidogo. Vidoa havikurudi, lakini picha ikaanza kusita.

"Mbona nimeongeza na inapungua?"

"Inakosea, inajisahihisha, inarudia kazi. Haikwambii. Rudi chini." Trâm akarudi chini, na mwendo ukapanda. Sáu akampiga kofi dogo la bega. "Umeiva. Kosa la seva kila mtu hulifanya mara moja."

"Wewe ulilifanya?"

"Mimi nilifanya makubwa zaidi. Muulize mke wangu."

Alisimama akaanza kukusanya bisibisi zake. Alifunga kompyuta yake kwa mpira, polepole, kama mtu aliyemaliza kazi na hana pengine pa kwenda. Lài alimwangalia akivuta fundo la mpira na kulifungua tena, halafu akachukua simu. Akaiweka sauti ya nje, akaiweka mezani katikati yao.

"Mama, ni Lài. Kadi za Sáu ni nzima. Kosa ni letu."

"Nani amezimia?" mama mkwe aliuliza.

"Hakuna aliyezimia! Kadi! Ni nzima! Nilimsingizia Sáu!"

"Ongea kwa nguvu, mwanangu, kuna mashine ya mpunga hapa."

Lài alivuta pumzi. "NILIMSINGIZIA SÁU! KOSA NI LANGU!"

Mzee Thìn aligeuza kiti chake kizima ili asipitwe. Muuza tambi wa mlango wa pili alichungulia na bakuli mkononi.

"Ahaa," mama mkwe alisema. "Mimi nilijua. Ila alikuwa hali chakula. Mtoto huyu akisemwa hali. Yupo hapo?"

"Nipo, mama," Sáu alisema.

"Jumapili unakuja?"

Sáu alimtazama shemeji yake. Lài hakutazama pembeni.

"Nyama ya mchuzi na mayai naipika jioni ya Jumamosi," alimwambia. "Ukiwahi utanishikia sufuria. Ukichelewa utakula na mzee Thìn, maana kwa masikio yale ameshajialika."

"Nitawahi," Sáu alisema.

Mama mkwe akakata simu bila kuaga. Lài akaichukua tena, akatafuta jina la Bảy.

"Shemeji, huyo mwache," Sáu alisema haraka. "Inatosha. Mama atamwambia."

"Simwachi. Alisikia kwangu, atasikia kwangu."

"Atakutafuna mwaka mzima."

"Anitafune. Kaa. Trâm, mletee baba mdogo kahawa, na tambi, hajala huyu."

Sáu akakaa. Simu ikaita mara nyingi, kisha upande wa pili Bảy akaitika kwa furaha, akiuliza kuna jipya gani leo.