Nusu Pumzi Nyuma Yao

...na nimeshacheka, kicheko kimetoka, nusu pumzi nyuma ya wenzangu kama kawaida, maana ndivyo ninavyoishi kwenye meza hii ya chai ya saa nne, hapa kiwandani kwa watu wa lugha ngeni, mwaka wa pili sasa, namtazama Murray msimamizi wetu, mabega yake yakitikisika nami naachia changu, sihitaji kuelewa hata neno, na leo yametikisika, nimecheka, ndipo maneno ya Raewyn, mwanamke tunayefungua naye chaza, yakaanza kunifikia moja moja, yamechelewa, Alhamisi sipo... Dunedin, hospitali... titi la kushoto, wanalitoa lote... ee Mama wa Mungu, Nidia, umecheka nini, meno bado yako nje, yafunge, hapana, ukiyafunga ghafla ataona, "Si kitu jamani, kauvimbe tu," alisema Raewyn huku anatafuna, kwa sauti ileile ya kushindana na upepo wa bandari hii ya Bluff, na Murray akadakia, "Usijali bibie, mikate yako ya jibini tutakulia sisi," "Thubutu! Nitakukata vidole!" na kisu chake cha kufungulia chaza juu, chumba kizima hoi kwa kicheko, nami ndani yake, kauvimbe tu, lakini mwalimu wangu wa lugha wa kila Jumanne alinionya, watu wa huku jambo likikua neno linapungua, nimeandika daftari zima, mvua ya kung'oa mabati ni unyevunyevu, Murray alipovunjika mguu eti umeteguka kidogo, sasa kauvimbe kana ukubwa gani, sitaki kupiga hesabu hiyo, huyu ndiye anayenipitia kila alfajiri, ananifundisha matusi njia nzima, ananiuliza vipi, najibu poa, hata asubuhi ile simu ilipotoka Kolombia kwamba mama amekufa nilipanda gari nikasema poa, hakuuliza tena, alinyoosha mkono akaongeza joto la gari, akaendesha polepole hadi hapa... alijua, mimi mjinga, alijua siku ile, kwetu ningekuwa nimeshaangusha kiti, nimemkumbatia, tunalia hadi majirani waje, hapa nikimgusa tu atamwagika mbele ya watu wote na hatanisamehe, nisimame, nisisimame, dakika nne zimebaki kurudi kwenye chaza, Murray bado anatabasamu, lakini mbona anakoroga, anakoroga na kukoroga, Murray hatii sukari, hajawahi, kijiko kinagonga kikombe na hakuna anayemwambia aache, kumbe wameelewa, wote, walielewa kabla yangu, ndiyo maana wakacheka, na miaka miwili nimekaa hapa nikiwaonea wivu, nikidhani siku nitakayowaelewa nitapumua, nirudishieni ujinga wangu basi, ulikuwa na raha yake, nilikuwa nakula mkate wa jibini na kutazama mabega ya watu... "Nidia, vipi, mbona kimya? Uko poa?" Raewyn, ananitazama, jicho halicheki, amejua nimejua, nimpe nini, pole ni kubwa mno kwa meza hii, nakupenda ndiyo kabisa, neno ninalo moja, nasogeza jagi la chai ya moto karibu na mkono wake, karibu kidogo tu, "Poa," nasema, na Mungu anirehemu, kwa mara ya kwanza nimelisema sawasawa kama wao.