Nukta Iliyopanda Kilima

Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja wake simu ilipotoa mlio mfupi kutoka kwenye rafu ya mafuta. Hakuhitaji kuishika ili ajue ni nini. Baba mkwe wake alikuwa ameanza matembezi ya asubuhi.

"Mzee ameshatoka?" aliuliza mteja. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa jinsi alivyozoea kiti kile, habari za nyumba ya msusi alizijua kama za kwake.

"Ametoka, mwalimu. Inamisha kichwa."

Mzee huyo alikuwa fundi wa lifti maisha yake yote, hata mtaa mzima ukawa unamwita Mzee Lifti. Moyo wake ulipomchezea mara ya kwanza, daktari alimwandikia dawa na kumwamuru atembee kila siku. Mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu, akanunua saa ya mazoezi, akamfunga baba yake mkononi, kisha akaweka programu yake kwenye simu ya mkewe.

"Mimi nitakuwa barabarani," alimwambia. "Macho yangu ni wewe."

Mzee aliipokea shingo upande. "Nimefungwa kengele kama mbuzi," alisema, na tangu hapo mkwewe akawa anaambulia salamu tu. Lakini programu ilionyesha kila siku kuwa amemaliza mzunguko wake, na mwanawe kila aliposimamisha lori kupumzika alituma pongezi. Nyumba ikatulia.

Asubuhi hiyo msusi aliiweka simu pajani, akawa anasuka huku akitupa jicho. Nukta ya kijani, iliyoonyesha saa ya mzee ilipo kwenye ramani, ilikuwa imeufikia mteremko wa tangi la maji. Ikaanza kuupanda. Ikapanda bila kusimama, na kando yake mapigo ya moyo yalikuwa yametulia kama ya kijana anayetembea tambarare.

Vidole vyake vikasita. Alfajiri ile ile alikuwa amemwona mzee akitoka bafuni. Alishika fremu ya mlango, kisha mgongo wa kiti, akasimama pale muda mrefu akijifanya anatafuta ndala ambazo alikuwa amezivaa.

"Mwalimu, mgonjwa wa moyo anaweza kupanda kile kilima cha tangi bila kupumzika?"

"Kile? Gari langu lenyewe hukipanda likilia."

Msusi akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Wakati huo nukta iliingia kwenye geti la nyumba fulani, ikatoka, ikaingia geti la pili, ikatoka. Mzee hakuwa na mtu wa kumtembelea upande huo.

"Nisamehe, mwalimu. Lazima niende."

"Na kichwa changu?"

"Sijui. Baba mkwe wangu si yeye anayetembea huko."

Mwalimu alijitazama kwenye kioo: upande mmoja mistari safi, upande wa pili nywele zimesimama kama mtu aliyepigwa na umeme. Akanyanyuka na kuchukua funguo. "Twende hivi hivi."

Gari lilikuwa la kufundishia, lenye herufi kubwa nyekundu juu ya paa na pedali pande zote mbili. Mwalimu akafungua mlango wa abiria, akakaa, akafunga mkanda. Msusi akabaki amesimama nje.

"Mwalimu, mimi sijui kuendesha!"

"Samahani, mazoea!" Akahama kiti mbio mbio.

Waliifuata nukta mtaa kwa mtaa, msusi akiwa ameikodolea macho simu. "Kata kulia. Hapo mbele. Imesimama." Kufunga breki, wakamkuta dobi wa mtaani kwao, bunda la nguo zilizopigwa pasi begani, saa ya mzee mkononi.

Dobi alimtazama msusi, akaitazama saa, akaliteremsha bunda polepole.

"Dada, usinielewe vibaya. Sikuiba. Mzee mwenyewe ndiye hunivalisha. Mimi nasambaza nguo, yeye anakaa kwenye benchi langu. Nikirudi namrudishia, anaenda nyumbani."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kubanwa na kifua njiani."

"Kubanwa na kifua? Na wewe ukanyamaza?"

"Aliniapisha. Alisema mwanawe akijua atamrudisha hospitali, na safari hii hatatoka."

"Sasa hivi yuko kwenye benchi lako?"

Dobi aliangalia chini. "Leo hakukaa. Alisema kesho ana kliniki, daktari atampandisha ngazi kumpima, kwa hiyo anakwenda kujijaribu. Pale jengo la maduka ya vitambaa, mkabala na kwangu. Nilimkataza, dada. Akaniambia jengo lile analijua, lifti yake aliifunga yeye ilipokuwa mpya."

"Ingia garini."

Walipofika, koti la mzee lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya benchi, na ndani yake simu. Msusi alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa siku nyingi, mlangoni pake pameegeshwa majora ya vitambaa. Akakimbilia ngazi.

"Baba! Baba!"

Muuza vitambaa wa ghorofa ya kwanza alichungulia. "Mzee mwenye kofia? Amepita hapa, akanisalimia, akaenda juu. Sijamwona akishuka."

Msusi akapanda, dobi nyuma yake na bunda begani. Kwenye kona ya ngazi ndipo walipomwona. Alikuwa ameketi ameegemea ukuta, uso umepauka kama majivu, kijasho kinamtiririka, mkono mmoja ameuingiza ndani ya shati.

"Umenipataje?" sauti yake ilitoka kwa shida.

"Nimefuata saa."

"Saa iko kwa dobi."

"Ndiyo maana nimekuja mbio, baba. Usiseme tena."

Dobi hakungoja kuambiwa. Alifungua bunda, akachomoa shuka la mteja lililonyooka kwa pasi, akalitandika. Muuza vitambaa akaja kushika pembe. Wakamteremsha mzee ngazi moja moja, msusi akitangulia kinyumenyume, macho hayabanduki usoni kwake.

Mwalimu, ambaye kutwa huwakemea wanafunzi kwa mwendo, siku hiyo aliendesha kama anakimbiza mwizi. Herufi nyekundu ya juu ya paa ikawa king'ora: madereva walipoliona gari la kujifunzia likija kwa kasi ile, walijitupa pembeni wenyewe.

Kwenye kiti cha nyuma mzee alimshika msusi kiganja. "Usimpigie mwanangu."

"Nitampigia."

"Nakuomba, mwanangu."

"Nitampigia, baba. Ukasirike ukiwa mzima."

Hospitali wakampokea kwa kitanda cha magurudumu, milango ikafungwa. Muda kidogo akatoka daktari kijana. "Nasikia alikuwa anavaa saa. Naweza kuona mapigo yake ya wiki hizi?"

Msusi akafungua simu, akaanza kumwonyesha mistari iliyotulia, mizuri, ya kila siku. Kisha akairudisha kifuani. "Haikusaidii, daktari. Huu ni moyo wa dobi."

Dobi, aliyekuwa kasimama na shuka lililojikunja mikononi, akajikohoza kwa aibu.

"Basi yeye ni mzima," alisema daktari, akarudi ndani.

Walikaa kwenye benchi la korido. Msusi alimpigia mumewe, akamweleza yote bila kupunguza. Upande wa pili alisikia injini ya lori ikizimwa, kisha pumzi ya mtu anayejikaza asilie. Simu ilipokatika, bila kuambiwa, msusi alianza kumsuka mwalimu pale pale, maana mikono ilikataa kutulia.

Alikuwa anakaribia sikio daktari aliporudi. Mshipa mmoja ulikuwa umekaribia kuziba. Wameuzibua. Mzee anaomba maji.

Siku mwanawe aliporudi safari, mzee alimsimulia mwenyewe, kitandani, bila kumsingizia dobi hata kidogo. "Niliogopa," alisema. "Nilidhani nikinyamaza, ugonjwa nao utanyamaza." Mwanawe aliinama akampangusa baba yake miguu kwa kitambaa cha maji, kama anayepangusa mtoto.

Mzee aliporuhusiwa kutembea tena, msusi alichelewesha kufungua saluni akawa anatoka naye. Siku za mwanzo walitembea kimya, kila mmoja akiogopa kumwudhi mwenzake. Kisha asubuhi moja, karibu na duka la vioo, mzee akapunguza mwendo, akasimama.

"Mama," alisema, "hebu tusimame. Kimenibana kidogo."

Msusi hakupiga kelele. Alimkalisha kwenye kizingiti cha duka, akamtolea dawa ya kuweka chini ya ulimi, akakaa kando yake, bega kwa bega. Watu walipita wakiwasalimia, nao wakaitikia.

"Kinaachia," mzee alisema baadaye.

"Una hakika?"

"Ngoja kidogo tena."

Wakangoja.