Noti Ndani ya Koti la Onesmo

Siku ya kugawa vitu vya marehemu, Nkwabi alipewa nafasi ya kuchagua wa kwanza, maana yeye na Onesmo walichimba duara moja, shimo la dhahabu, pale Rwamgasa kwa miaka tisa. Buti mpya zilikuwepo, redio nayo ilikuwepo. Yeye akachagua koti lililochakaa, na wazee wakamsifu kwamba hana tamaa. Aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, mnafiki mkubwa, kwa sababu alijua ndani ya bitana mna noti.

Ilikuwa noti ya zamani ya Ufaransa, faranga kumi, ambayo padri mmoja alimwachia babu yake Onesmo kule Kishapu. Walipopumzika shimoni, Onesmo alimwonyesha wachimbaji waliochorwa mbele, mmoja akiwa na sururu begani. Basi Nkwabi akapiga hesabu za Rwamgasa. Kwake mchimbaji ni wa dhahabu, mwingine hamjui. Serikali ikimweka mchimbaji kwenye noti, alijiambia, lazima noti hiyo ilipwe kwa dhahabu.

Donatus, mnunuzi wa dhahabu mjini Geita anayepanga noti za kale chini ya kioo cha meza yake, alipoletewa noti na Nkwabi aliigeuza mara mbili tu. Alimweleza kwamba wale ni wachimbaji wa makaa ya mawe. Noti ilichorwa enzi za Vita vya Pili vya Dunia, wakawekwa watu wa makaa mbele na watu wa shamba nyuma. Iliondolewa zamani, na hata faranga za Ufaransa zenyewe hazitumiki tena. Hii ilikuwa imekunjwa mpaka imetoboka, haifikii bei ya soda.

Nkwabi alitoka pale akiona aibu hata ya kuinua uso. Kama ingekuwa na thamani, asingeirudisha, na hilo alilijua vizuri.

Kesho yake alikwenda kwa Martina, mjane wa Onesmo, akaweka koti kwenye kigoda na noti juu yake. Alisema ameikuta kwa bahati. Martina aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza nyuma, penye mwanamke wa shamba na mtoto wake, na ng'ombe pembeni. Onesmo alikuwa akiwaambia kwamba mbele ni yeye kazini, na nyuma ni Martina na binti yao Violeth wakimngoja nyumbani. Ilipopotea baada ya msiba, Martina, asiyejua ilifichwa wapi, alidhani Violeth ameichezea. Alimchapa, na mtoto akakana mpaka sauti ikamkauka.

Violeth mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

"Wabeja, shemeji," Martina alisema, akimshukuru huku analia. "Wewe hukujua imo."

Nkwabi alitamani kuitikia, tuseme ukweli. Lakini mtoto alikuwa anamtazama, na miguuni alama za fimbo hazijafutika.

"Nilijua, Mama Violeth. Ndiyo maana nililichagua."

Martina aligeukia mlangoni. Akamvuta binti yake, akamwomba msamaha, akampa noti aishike. Kisha akamwambia, "Mpe baba mdogo koti lake. Alilichagua mwenyewe, mbele za watu."

Nkwabi alilivaa, jua la saa sita likiwa utosini. Njia ya kwake hupita sokoni, na wazee walewale walikuwa wamekaa kwenye benchi. Walipoliona koti la Onesmo, wakasimama kumpa mkono.