Nyimbo ni za Katarina

Eliya alikuwa mwalimu wa kwaya ya Wamoraviani, Tabora mjini, na kila mwanakwaya alijua anachokichukia. Alichukia nyimbo za mapenzi za redioni, hasa za kijana mmoja wa Dar mwenye sauti nyororo iliyolainishwa na kompyuta.

"Ule ni uji wa mtoto," aliwaambia vijana wake wa besi. "Mtu mzima hanywi uji ule mbele za watu."

Yeye aliunywa peke yake. Simuni mwake zilikuwamo karibu nyimbo zote za kijana yule, na alioupenda zaidi ulikuwa ule unaosema wewe ni soda, mimi ni mrija. Alijua ni upuuzi. Hata hivyo kiitikio kilipofika alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Aliyemfuma alikuwa Katarina, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mwenye duka la vitambaa na vifungo mtaa wa Kanyenye. Alikwenda kanisani kuchukua nota, akamkuta amefumba macho, hedifoni masikioni, akiimba chinichini. Eliya aliona aibu. Katarina hakucheka. Aliketi, akauendeleza wimbo ule hadi mwisho bila kukosea neno.

Toka hapo ikawa siri yao. Mchana, wateja wakipungua, Eliya alipita dukani, wakagawana hedifoni, moja sikio hili na nyingine sikio lile, wakasikiliza nyuma ya majora ya vitambaa. Mwaka haukwisha, Eliya akapeleka barua ya posa kwa baba yake Katarina kule Usinge.

Wakati jibu likisubiriwa, wazee wa usharika walikuja mazoezini kuisikiliza kwaya kabla ya mashindano. Eliya aliunganisha simu yake na spika kubwa ili wasikie rekodi ya zaburi. Akabonyeza pasipotakiwa. Soda na mrija vikavuma kanisa zima.

Vijana waliangua kicheko. Mzee Amon, mwenyekiti wa kwaya, aliinua mkono, kukawa kimya.

"Mwalimu, simu hiyo ni yako?"

"Simu ni yangu, mzee. Nyimbo ni za Katarina. Aliniomba nimwekee."

Watu wote waligeuka. Katarina alimtazama Eliya kwa muda, kama anayempa nafasi ya kusema neno jingine. Eliya aliinamisha kichwa, akashughulika na waya wa spika.

"Ni zangu, mzee," Katarina alisema. "Mnisamehe."

Wiki ile wazee walimwondoa Katarina kwenye nafasi ya kuongoza zaburi. Walimuuliza Eliya maoni yake. Akasema, "Wazee mkiamua, mimi ni nani?" Vijana nao wakampa Katarina jina la Mrija.

Jumatatu Eliya alikwenda dukani. Katarina alikuwa akipanga vifungo kwenye makopo, na hakuacha.

"Nimempigia baba simu," alisema. "Nimemwambia asiijibu ile barua."

"Kwa sababu ya wimbo tu, Katarina?"

"Wimbo haujanikosea. Leo umenikana kwa wimbo. Siku nikikosa mtoto, au nikiugua ugonjwa wa kusemwa, mbele ya wazee wale wale utasema nini?"

Kabla ya Pasaka Katarina alihamishia duka lake Igunga, kwa dada yake Suzana.

Miezi mitatu Eliya hakulala vizuri. Mwishowe alisimama mbele ya kwaya, akasema zile nyimbo zilikuwa zake na Katarina alimfichia aibu.

Mzee Amon alikohoa kidogo. "Mwalimu, tulijua. Wewe huziimba ukipanga viti. Ila yeye mwenyewe alisema ni zake."

"Hata sisi tunazisikiliza," kijana mmoja wa besi alisema. Wakacheka kidogo, wakafungua vitabu, mazoezi yakaendelea.

Kesho yake alipanda basi hadi Igunga. Alimkuta Katarina dukani, amekonda, mkasi mkononi.

"Karibu, Mwalimu," alisema. Zamani alimwita Eliya.

Eliya alimweleza yote. Katarina alisikiliza mpaka mwisho.

"Walisemaje?"

"Walisema walijua. Walicheka kidogo tu."

"Kumbe ilikuwa rahisi hivyo." Macho yake yalijaa machozi, akayafuta kwa kiganja. "Lingekuwa jambo gumu, ningekusubiri hata miaka kumi. Lakini hili lilikuwa dogo mno, Eliya. Hata hili dogo ulishindwa kunibebea."

Mama mmoja aliingia akitaka zipu nyeusi. Katarina alimgeukia, akamwonyesha za aina mbili. Eliya alisogea kumpisha mteja, akasubiri, akaona Katarina hageuki tena, akatoka kwenda kutafuta basi la kurudi Tabora.