Usiiguse Saa

Ubwa alikuwa na duka la picha Mkunazini, na kamera isiyokaa na saa. Kila akitoa betri kuichaji, saa ilirudi tarehe mosi Januari 2009, saa sita za usiku. Alibadilisha kibetri kidogo cha ndani, akasafisha kutu kwa pamba na spiriti, hata akaiwekea saa ya Kiswahili akidhani ya kizungu ndiyo inayoikera. Wapi. Na saa ikishapotea, kamera ilipiga mambo ya mwaka huo wa 2009. Wateja waliingia na vipara wakatoka kwenye picha na nywele. Mabibi wa mtaani waliuliza mlangoni kama leo saa imepotea. Kama haijapotea, walisema watapita kesho.

Bi Kidawa alikuja kutoka Paje. Kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, Kificho, kilikuwa kimezungushiwa ukuta wa hoteli, na Bwana Borafya wa ofisi ya viwanja alishamwambia kuwa hapo hapajawahi kukaa mtu.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Kamera yako nnaitaka hivyo hivyo, mbovu."

Ubwa akatoa betri, akairudisha, wakaenda Paje. Akaulenga ukuta, akabonyeza. Kwenye kioo cha kamera ukuta haukuwapo. Palikuwa na banda la makuti, mwani umeanikwa, na Kificho yuko jamvini anakula pweza wa nazi na mgeni. Bi Kidawa alimsalimia mumewe, akamgombeza kwa kuvalia kanzu ya Ijumaa kwenye mwani. Kisha akamtazama mgeni. Alikuwa Borafya.

"Pweza nilimpika mimi," alisema. "Na huyu aliomba aongezwe." Furaha ilimjaa hata akacheka peke yake.

Ofisini, Borafya aliitazama picha bila haraka.

"Ni mimi. Na pweza yule alikuwa mtamu kwelikweli. Lakini hapa pameandikwa saa sita za usiku, na jua linawaka. Siwezi kumvunjia mtu ukuta kwa kamera isiyojua saa. Rekebisheni kwanza."

Wakairekebisha. Safari hii saa ikakaa. Wakapiga tena, ukatoka ukuta na rangi yake mpya. Borafya akaigonga muhuri picha hiyo, akaitia kwenye faili la hoteli.

Wiki iliyofuata Bi Kidawa alikuwa dukani kwa Ubwa, amekuja kuchukua picha ya mumewe. Borafya akaingia amevaa joho. Alikuwa anaposa mke wa pili Uroa, na wazee wa msichana wametaka kumwona kwenye picha. Alivua kofia, kipara kikang'aa. Saa ilikuwa imepotea tena, na Ubwa akanyoosha mkono kuweka tarehe.

"Usiiguse saa," alisema Borafya.

Bi Kidawa akasogea kwenye benchi kumpisha. Picha ikatoka na nywele nyeusi tele, na pembeni mwa mdomo tui la pweza halijakauka. Borafya akairidhia. Akaomba tui tu lifutwe.